Uwanja wa ndege ukijaa, ni nini hasa kilichojaa?

Mwaka 2024 uwanja wa Heathrow jijini London ulihudumia karibu abiria milioni 84. Mwaka huohuo uwanja wa Denver, Marekani, ulihudumia takriban milioni 82. Kwa hesabu ya vichwa, viwanja hivi ni pacha. Ukivitazama kutoka juu, hata udugu huuoni. Heathrow ina njia mbili za kurukia na kutua ndege, imezingirwa na nyumba za watu, na mvutano wa kuongeza njia ya tatu umedumu miongo kadhaa. Denver ina njia sita juu ya eneo la kilomita za mraba zipatazo 137, na mpango wake kabambe umeacha nafasi ya nyingine sita.

Kwa hiyo kiongozi akisimama na kutangaza kwamba uwanja wa jiji lake utajaa kufikia mwaka fulani, usiharakishe kukubali wala kubisha. Muulize kwanza: utajaa nini? Jibu lake ndilo litakaloonyesha kama kinachotakiwa ni jengo, ni njia mpya, ni uwanja mwingine kilomita 50 nje ya mji, au ni ratiba tu iliyopangwa kwa akili zaidi. Gharama za majibu hayo zinapishana kwa mabilioni.

Penye pembamba

Abiria huona jengo. Huona foleni ya ukaguzi, viti vilivyojaa, mikanda ya mizigo iliyosongamana. Akisikia kwamba uwanja umezidiwa, hilo ndilo linalomjia kichwani, na ndilo wanasiasa hupenda kulikatia utepe. Lakini jengo ndiyo sehemu rahisi kuliko zote kuipanua. Ukiwa na fedha na kiwanja, unaongeza ubawa, unaongeza milango, unaongeza mashine. Hata maegesho ya ndege, ingawa yanakula ardhi, hayana fumbo kubwa.

Fumbo liko kwenye njia ya kurukia, na linapimwa kwa saa, si kwa mwaka. Ndege inayotua lazima iondoke njiani kabla ya ile inayofuata kugusa ardhi. Zaidi ya hapo, ndege kubwa huacha nyuma yake hewa inayozunguka kwa nguvu kutoka ncha za mabawa, na ndege ndogo ikiingia humo inaweza kupinduka. Ndiyo maana waongoza ndege huweka mwanya mpana zaidi pale ndege ndogo inapofuata kubwa, na mwembamba zaidi pale zinapofuatana zinazolingana. Kwa hiyo mpangilio wenyewe wa foleni angani unaongeza au kupunguza idadi ya ndege zinazopita. Weka ndogo, kubwa, ndogo, kubwa, na umepoteza dakika nyingi. Zipange makundi makundi, na baadhi ya dakika hizo zinarudi bila tofali hata moja kujengwa.

Mabingwa wa mchezo huu wako Gatwick, kusini mwa London. Kwa njia moja inayotumika, uwanja huo umekuwa ukipitisha hadi ndege 55 katika saa zenye shughuli nyingi, yaani moja kuruka au kutua kila baada ya sekunde 65 hivi. Mwaka 2019 ulihudumia zaidi ya abiria milioni 46 kwa mtindo huo. Wapo wapangaji wanaoamini njia moja hutosha abiria milioni 20 au 25 tu. Wakisoma takwimu za Gatwick huanza kukuna vichwa.

Lakini kuongeza njia ya pili hakumaanishi kupata mara mbili. San Francisco ina njia mbili sambamba za kutulia ambazo katikati yake kuna mita 229 tu. Siku ya anga safi, marubani wakionana kwa macho, ndege mbili zimekuwa zikishuka ubavu kwa ubavu. Mawingu yakishuka juu ya ghuba, zoezi hilo husimama na idadi ya ndege zinazopokelewa kwa saa hupungua karibu nusu. Jiji la Mexico lilikuwa na tatizo la aina hiyo katika uwanja wa Benito Juárez: njia zake mbili zimekaribiana mno, umbali wa mita 300 hivi, kiasi kwamba haziwezi kutumika kwa wakati mmoja kana kwamba kila moja iko peke yake. Kanuni za kimataifa zinataka angalau mita 1,035 kati ya mistari ya katikati ya njia mbili ili ndege zishuke katika zote bila kutegemeana, tena kukiwa na rada inayofaa. Chora mita 1,035 kando ya uwanja wowote uliozungukwa na mji, uone utabomoa mitaa mingapi.

Halafu kuna anga. Watu hudhani anga haina mwisho, ila ndege zinazotua na kuruka hufuata njia zilizopangwa, na viwanja viwili vilivyo karibu vinaweza kugombania kipande kilekile. Kambi ya jeshi la anga iliyo jirani nayo ina nafasi yake iliyotengwa. Milima inapunguza pa kupita. Kiwanja kinaweza kuonekana kizuri sana kwenye ramani ya ardhi na kikawa hakifai kabisa kwenye ramani ya anga. Hata mwinuko una neno: mji wa Addis Ababa uko zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, injini na mabawa hupata nguvu kidogo, kwa hiyo ndege nzito ya safari ndefu hulazimika kupunguza mzigo au mafuta ili iweze kuruka. Hiyo ni sababu mojawapo ya Ethiopia kutafuta uwanja mpya huko Bishoftu, mahali palipo chini zaidi.

Mtego wa wastani

Uwezo wa mwaka mzima ni takwimu inayodanganya kwa upole. Hakuna msafiri anayetaka kuruka saa tisa usiku kwa sababu tu njia iko wazi saa hiyo. Watu wa biashara wanataka asubuhi na jioni, na mashirika ya ndege yanataka ndege zao zifike kwa mafungu ili abiria waunganishe safari. Uwanja unaweza kuwa mtupu nusu ya siku na bado ukawa umejaa.

Na kujaa kwenyewe hakuji ghafla kama ndoo inayomwagika. Kunafanana zaidi na foleni ya kaunta moja: mhudumu akiwa na nafasi kidogo kati ya mteja na mteja, mteja mmoja msumbufu hawaharibii wengine, akiwa hana nafasi hata ya kupumua, usumbufu wa dakika tano asubuhi unafika hadi jioni. Viwanja navyo ni hivyo. Matumizi yakikaribia kikomo, ucheleweshaji hauongezeki kidogo kidogo, unaruka. Heathrow imewekewa kikomo cha safari 480,000 za kuruka na kutua kwa mwaka na imekuwa ikitumia karibu zote. Ukungu wa saa mbili pale unatosha kuvuruga ratiba ya siku nzima.

Kikomo hicho pia kinaeleza lile fumbo la mwanzo. Kwa kuwa nafasi ya kutua Heathrow ni adimu na ghali, mashirika huijaza kwa ndege kubwa. Ukigawa abiria kwa idadi ya safari unapata zaidi ya watu 170 kwa kila ndege. Denver inapitisha abiria karibu sawa kwa safari zaidi ya 600,000. Uhaba wenyewe umekuwa ukipanga, pasipo kamati.

Hapa pia kuna mtego wa takwimu unaowanasa waandishi wa habari kila mara. Taarifa nyingine huhesabu wanaopanda ndege tu. Nyingine huhesabu wanaopanda na wanaoshuka. Ya pili huwa karibu mara mbili ya ya kwanza. Nimeona mijadala mizima ikijengwa juu ya kulinganisha mafungu haya mawili kana kwamba ni kitu kimoja.

Kutabiri miaka thelathini

Uwanja mpya huchukua muda mrefu sana kuanzia wazo hadi ndege ya kwanza. Miaka 20 si ajabu, na 40 imewahi kutokea. Ndiyo maana mpangaji analazimika kukadiria mahitaji ya watu ambao wengine hawajazaliwa. Anachukua ongezeko la watu, ukuaji wa kipato, bei za tiketi, anachora mstari unaopanda, kisha anachora mwingine wa chini na wa juu kujilinda.

Mstari huo utakosea. Swali ni utakosea upande gani. Mwaka 2020 abiria wa ndege duniani walipungua kwa asilimia 60 hivi kwa sababu ya janga la Uviko, na miaka michache baadaye viwanja vingi vilikuwa vimerudi palepale au kupita. Nani angeweka zote mbili kwenye grafu yake ya mwaka 2015?

Kosa linaloniuma zaidi ni la Mirabel. Mwishoni mwa miaka ya 1960 serikali ya Kanada iliamini kuwa Montreal ingekuwa lango kuu la nchi na kwamba uwanja wa Dorval usingetosha. Ikatwaa karibu hekta 39,000 za mashamba kaskazini-magharibi mwa jiji, eneo kubwa kupita miji mingi, na maelfu ya watu wakahamishwa. Mirabel ukafunguliwa mwaka 1975. Safari za kimataifa zikaamriwa zihamie huko, za ndani zikabaki Dorval. Fikiria msafiri anayetoka Ulaya kwenda mji mwingine wa Kanada: anashuka uwanja mmoja, anavuka jiji zima kwa barabara, anapanda ndege nyingine uwanja mwingine. Reli iliyoahidiwa haikujengwa. Ndege mpya za masafa marefu hazikuhitaji tena kusimama Montreal, na uzito wa biashara ulikuwa unahamia Toronto. Abiria wakaamua kwa miguu yao, na Mirabel haukuwahi kuvuka takriban milioni tatu kwa mwaka. Safari za kimataifa zikaruhusiwa kurudi Dorval mwaka 1997, ndege ya mwisho ya abiria ikaondoka Mirabel mwaka 2004, na jengo likaanza kubomolewa mwaka 2014. Sehemu kubwa ya ardhi ilikuwa imesharudishwa kwa wakulima.

Wengi husimulia kisa hiki kama onyo dhidi ya kutenga ardhi kubwa. Mimi nakisoma tofauti. Ubaya wa Mirabel ulikuwa kujenga kwa haraka na kugawa abiria kwa amri. Mashirika ya ndege hupenda kukaa penye abiria wengi na maunganisho mengi. Uwanja wa pili huachiwa wale wanaotafuta bei nafuu, ndege za mizigo, au wale waliokosa nafasi uwanja wa kwanza. Mexico imeonja hilo tangu ilipofungua uwanja wa Felipe Ángeles mwaka 2022, kwenye kambi ya jeshi la anga, baada ya kuachana na ujenzi mkubwa wa uwanja mwingine huko Texcoco. Mashirika hayakukimbilia huko, na mwaka 2023 serikali ikatoa amri ya kuhamisha ndege za mizigo kutoka uwanja wa mjini.

Waliohama wakafaulu, kwa kawaida, walifunga mlango nyuma yao. Munich walifanya hivyo mwaka 1992, Denver 1995, Hong Kong 1998. Uwanja wa zamani ukifungwa, hakuna wa kubaki. Ni dawa chungu na ya gharama: Denver ulichelewa miezi 16, mfumo wake wa mizigo ukibeba lawama nyingi, na anayeishi karibu na uwanja wa zamani hupoteza urahisi aliouzoea. Lakini inafanya kazi.

Kila mtu anautaka, mbali na kwake

Seattle, kaskazini-magharibi mwa Marekani, inafaa kutazamwa kwa karibu kwa sababu pale hakuna aliyekataa kwamba tatizo lipo. Uwanja mkuu, Sea-Tac, ulipitisha zaidi ya abiria milioni 51 mwaka 2019 juu ya ardhi ya takriban hekta 1,000, chini ya sehemu moja ya kumi ya ile ya Denver. Njia yake ya tatu ilifunguliwa mwaka 2008 baada ya takriban miongo miwili ya mipango, vifusi na kesi. Ya nne hakuna pa kuiweka.

Mwaka 2019 bunge la jimbo la Washington likaunda tume ya kutafuta pa kujenga uwanja mpya. Sheria yenyewe iliizuia tume isipendekeze eneo ndani ya King, kaunti yenye watu wengi kupita zote na ambamo Seattle yenyewe imo. Soma tena sentensi hiyo. Wenye kuuhitaji uwanja zaidi walikuwa wameshaondolewa kwenye orodha ya watakaoubeba. Mwaka 2022 yakabaki maeneo matatu, yote ya mashambani: mawili kaunti ya Pierce na moja Thurston. Wakazi wakafurika mikutanoni kupinga, kambi kubwa ya kijeshi iko jirani, na viongozi wa kaunti hawakutaka. Mwaka 2023 sheria nyingine ikaivunja tume na kuweka kikundi kipya cha kazi. Wakati huohuo uwanja mdogo wa Paine, kaskazini mwa Seattle, ulikuwa umefungua jengo la abiria lenye milango miwili mwaka 2019. Msaada, ndiyo, lakini kiasi chake ni kidogo mno mbele ya tatizo.

Hesabu ya kisiasa hapa ni rahisi, na tume haikushindwa kwa uzembe. Faida ya uwanja mpya inatawanyika kwa mamilioni ya wasafiri, kila mmoja akipata nauli nafuu kidogo na kuchelewa kidogo. Hasara inaangukia watu elfu kadhaa, kwa shamba, kisima na usingizi. Hao ndio watakaokuja mkutanoni. Msafiri wa mwaka 2050 hawezi kuja.

Japani walijaribu kupita juu ya hao wachache. Mwaka 1966 serikali iliamua kujenga uwanja wa Narita kwenye mashamba ya mkoa wa Chiba bila kuwashirikisha wakulima. Kilichofuata ni miaka ya mapambano yaliyoua watu, polisi wakiwemo. Uwanja ukafunguliwa mwaka 1978 ukiwa na njia moja. Ya pili ilianza kutumika mwaka 2002, fupi, mita 2,180, kwa sababu baadhi ya wakulima walikataa katakata kuuza. Osaka, kwa kuogopa mambo hayohayo na kelele, walijenga uwanja wa Kansai juu ya kisiwa walichokitengeneza baharini, ukafunguliwa mwaka 1994. Samaki hawaandamani, ila tope la chini lina tabia zake: kisiwa kimezama zaidi ya mita 10 tangu kijengwe.

Kuhifadhi bila kujenga

Kabla ya uwanja mpya kuna mambo ya kubana kwanza: kuongeza bei ya kutua saa za msongamano, kuzihamishia ndege ndogo za binafsi kwingine, kujenga barabara za kutokea njiani haraka, kuimarisha treni kwa safari fupi. Yote yanafaa, na yote yana ukomo. Treni, kwa mfano, inaokoa sana pale miji miwili iko umbali wa saa mbili tatu, lakini haimsaidii anayevuka bahari.

Baada ya hapo, kitu ambacho hakiwezi kununuliwa baadaye ni ardhi. Jengo la mwaka 2045 linaweza kujengwa mwaka 2042. Hekta elfu mbili zilizo tambarare, zisizo na nyumba, zenye anga wazi na zilizo karibu na jiji, haziwezi kupatikana mwaka 2042 kwa fedha yoyote ile.

Ila kuhifadhi nako kuna madhara yake. Karibu na Nantes, Ufaransa, eneo la Notre-Dame-des-Landes lilitengwa rasmi mwaka 1974 kwa ajili ya uwanja. Miongo ikapita. Wakulima waliishi chini ya mpango ambao haukufa wala haukuzaliwa, wanaharakati wakaja kulikalia eneo, kura ya maoni ya mwaka 2016 ikatoa asilimia 55 kwa wanaotaka uwanja, na Januari 2018 serikali ikaufuta mradi hata hivyo. Kumwambia mtu asijenge nyumba kwa miaka 44 halafu kumwambia samahani si mpango. Anayetenga ardhi anapaswa kuinunua kwa bei halali mapema, kuikodisha irudi kulimwa, na kuweka tarehe ya kuamua upya. Na lazima azuie makazi chini ya njia za ndege. Vinginevyo viwanja vya nyumba vitauzwa kwenye mpaka kabisa, na wanunuzi haohao watakuwa wapinzani wa kesho, tena wenye haki.

Sydney ndiyo iliyokaribia zaidi mtindo huu, ingawa kwa kusuasua. Eneo la Badgerys Creek lilichaguliwa mwaka 1986 na serikali ya Australia ikaanza kununua ardhi. Kisha vyama vikavutana karibu miaka 30 bila kujenga chochote cha maana. Uwanja wa zamani, katikati ya jiji, uliendelea kubanwa na marufuku ya ndege kuruka na kutua kuanzia saa tano usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, na kikomo cha ndege 80 kwa saa. Uamuzi wa kujenga ukaja mwaka 2014, ujenzi ukaanza 2018, na ufunguzi ukapangwa mwaka 2026: njia moja ya mita 3,700, jengo la abiria milioni 10 kwa mwaka, bila marufuku ya usiku. Nafasi ya njia ya pili imeachwa wazi, nayo haitarajiwi kuhitajika hadi abiria wafikie milioni 37 hivi. Uwanja wa zamani haufungwi, kwa hiyo swali la Mirabel bado liko mezani: mashirika yatakwenda? Safari hii hakuna anayelazimishwa, na mamilioni ya watu wa Sydney tayari wanaishi upande wa magharibi.

Rasimu ya njia za ndege ilitolewa hadharani mwaka 2023, na malalamiko yakaanza mara moja kutoka vitongoji na miji ya milima ya Blue Mountains ambayo haikuwahi kujiona kuwa jirani wa uwanja wowote.